Niliingia na Mugongo, Moshi Ikatangulia

Ku Kambo Zéphirin,
muzee wa reli mwenye alishapumuzika,
mukubwa wa kikao ya jamaa,
na bwana wa kwanza ya Plamedie.

Juu ya: kukataa hukumu yenye jamaa ilikata juu ya moshi ya motokari yangu.

Kambo muheshimiwa, na mushindani wangu,

Mbele ya yote nakusalimia na mikono mbili, vile inafaa. Mi njo Merdi, ule kijana wa taksi nyeupe yenye maua ya plastiki mbele, mwenye alikuya kujionyesha mu lupango yenu Siku ya Mungu yenye ilipita. Nasikia kwenu sasa munaniitaka «Bwana Moshi». Jina si baya. Kuko bantu mu huu muji banaishi mpaka banazeeka bila mutu kubapatia jina.

Naandika kwako, siandike kwa Mama Laurentine, juu mama buko haandikiwake barua na mukwe wake, hata salamu inapitiaka mu kinywa ya mutu mwingine. Lakini kambo na mujukulu banaruhusiwa kuchekana. Weye mwenyewe ulisema siku ile mbele ya bantu bote: «Huyu Plamedie ni bibi yangu, na weye kijana unakuya kunivunjia ndoa.» Basi hii ni barua ya mwanaume kwa mwanaume mwenzake. Kama kuko neno litakuchoma, jua kama nilisoma mpaka ya tatu secondaire tu. Sikuacha masomo juu ya ujinga. Niliacha juu baprofesa balianza kurudilia mambo.

Nilipata hukumu yenu. Banasema jamaa ilikaa, ikakunywa chai, ikakata hivi: Merdi hataleta mahari, na mguu yake haitavuka mulango wa lupango, mpaka ile motokari itengenezwe. Kama hataki, atafute bibi kwingine, kule kwenye bantu hawana pua.

Kambo, nacheka, lakini iko inaniuma. Plamedie si mutoto wa kutafuta kwingine. Njo maana naomba munisikilize, kisha mutachagua.

Nianze na motokari yenyewe, juu ninyi munaihukumu bila kuijua. Inakunywa mazuti, ile mafuta ya dizeli. Chini yake, mu bomba ya moshi, kulikuwa kisanduku moya, Bafaransa banakiita filtre. Kazi yake ni kushika masizi isitoke inje. Ile kisanduku ikajaa, motokari ikakosa pumzi, mpaka baetudia ba université ya Kasapa bakaanza kushuka na kuisukuma na diplome yabo mu mifuko. Nikaenda kwa Chanda, mekanisie wangu. Chanda akaangalia, akasema: «Merdi, inafaa filtre mupya.» Nikamujibu: «Chanda, nyumba ikijaa takataka, unanunua nyumba ingine?» Akafungua ile kisanduku tumbo, akatosha nyama yote ya ndani, akashona chuma tena. Ikabaki sura tu, sawa vile mujomba wa Plamedie, mwenye anavaaka kravate kila asubuhi na hana ofisi.

Kuanzia pale motokari inaruka. Moshi, ndiyo, iko. Sikatae. Lakini moshi na makosa ni bintu mbili, na hapa njo naanza malalamiko yangu kwa namba, sawa mutu mwenye alisoma.

1. Juu ya heshima. Tantine Claudine, mwenye alinilea, alinifundisha mbele ya kukuya kwenu: «Mama buko haangaliwake uso kwa uso. Ukimuona, geuza macho, geuza mabega, mupe mugongo, pitia pembeni.» Nikashika ile neno mu kichwa usiku na mchana. Kufika ku mulango wenu, nikajiuliza: mutu akiwa mu motokari, uso yake iko wapi? Uso yake ni ile ya motokari. Mataa njo macho. Sasa mi, Merdi, niingie na mataa mbili makubwa nimukazie Mama Laurentine macho sawa simba? Hapana. Nikageuka ku barabara, nikaingia na mugongo. Mulango wenu ni mwembamba, unajua. Niliingia na mukono moya, sikugusa ukuta, sikugusa muti wa avoka, sikugusa hata ule kuku mwenye alilala mu njia na kujifanya shefu. Nitajie, Kambo, bakwe ngapi ba huu muji balishaingia kwa mama buko na marshariere juu ya heshima? Bengine bote banaingiaka na kifua mbele, klaksoni juu, mataa ku macho ya mama wa bantu, na munabapatia kuku.

Nakubali kama sikufikiri kintu gani motokari inabebaka ku mugongo. Lakini ile ni makosa ya ule mwenye aliichonga huko kwabo. Kama angekuwa na mama buko, angeweka bomba ya moshi pembeni.

2. Juu ya moshi ya siku ile. Munasema nilifukiza jamaa. Neno «kufukiza» ni kali. Motokari ilitaka kuzimika, nikakanyaga kidogo tu ili isinipatishe haya. Kidogo yangu na kidogo ya motokari haikupatana. Nikaona mu kioo lupango inapotea: kwanza biti, kisha meza, kisha Mama Laurentine na kikwembe yake mupya, ile ya manjano. Nikasikia sauti yake ndani ya giza: «Yesu! Nyumba inawaka!» Mutu mumoja akakuya mbio na ndoo ya mayi ya kunawa mikono, akamwanga yote juu ya motokari yangu. Nilikaa mu kiti yangu na adabu, mugongo kwa mama buko, nikangojea mutu anikaribishe.

Na mu ile giza, Kambo, kuko sauti ya muzee mumoja ilisema: «Aa! Treni imefika.» Bantu bakacheka. Nani alisema vile? Mi nawajua bazee bawili mu ile lupango, na mumoja hana meno ya kutamka «treni». Mushitakiwa anakuita ku ushahidi.

3. Juu yako mwenyewe. Plamedie alinisimulia vile ulipata bibi. Ulikuwa kijana wa kutia makala mu mashine ya reli, uso nyeusi, macho nyekundu, meno tu njo inaonekana. Bibi yako alisimama ku gari, fasi treni inasimamaka, na mukeka wake, mashine ikapita, ikamufunika na moshi, yee akakohoa, akafuta macho, na kintu ya kwanza aliona ilikuwa meno yako. Akakupenda. Hakuna jamaa ilikaa. Hakuna mujomba alikunywa chai na kusema: «Ule kijana atengeneze treni mbele ya kuoa.» Leo moshi yako inaitwa histoire, moshi yangu inaitwa uchafu. Kambo, tofauti ni nini? Ni kwamba yako ilikuwa na mushahara.

4. Juu ya muji muzima. Mulitoka wapi, ninyi bote? Babu zenu balishuka kutoka kaskazini juu kulikuwa shimine moja kubwa ya kiwanda yenye ilikuwa inatupa moshi ku mbingu. Bazee banasemaka, moshi ikitoka, batoto banakula; moshi ikizimika, bantu banaanza kuangaliana. Mpaka leo ile shimine iko inasimama, bageni banaipiga picha, bantu ba hapa banaichora ku ukuta. Kuko mutu aliipeleka kwa Chanda? Kuko mutu aliiambia: usioe mu huu muji? Mi niko shimine kidogo yenye magurudumu. Tofauti yangu na ile kubwa ni kwamba mi nafika mpaka ku mulango.

5. Juu ya bukari. Nasikia mashitaka makubwa ni ya chakula: kwamba bukari ilikuwa nyeupe, ikapata rangi ingine. Ni kweli. Lakini tuongee na akili. Samaki yenye ilikuwa pembeni ya ile bukari ilitoka Kasenga, ikapita Kasomeno, na mbele ya kupanda motokari iliwekwa juu ya moto mpaka ikawa nyeusi sawa kiatu. Mu soko mama anainusa, anauliza: «Hii ilipata moshi ya kutosha?» Kama haikupata, anaiacha! Moshi ya kuni munaiita utamu, ya mazuti munaiita sumu. Nani alipima? Na kumbuka, ile bukari nani aliikula? Mi. Peke yangu. Sahani ya kwanza na ya pili, na nilisema asante na meno nyeusi. Niambie ni nani ingine mu jamaa alionyesha mapendo ya namna ile siku ile. Mujomba wa kravate aliomba mukate.

6. Munasema motokari iko na ugonjwa juu kuko taa moya ya rangi ya chungwa inawaka mbele ya shofere. Ile taa si ugonjwa. Ni motokari inapiga kelele tu, sawa mutoto mwenye alizoea kubebwa. Nilibandika picha ya Bikira Maria juu yake. Sasa taa inawaka nyuma ya kichwa yake, iko na nuru, na baabiria bakipanda banafanya alama ya musalaba. Mama mumoja aliniomba nisimame mbele ya kufika kwake, amalize salamu tatu. Motokari gani ingine ya huu muji inasalishaka bantu?

Na baetudia ba Kasapa, bale njo bananiheshimu. Juzi mumoja wa kemia alikaa nyuma, akashika pua, akanitajia majina ya bintu byote byenye kutoka mu bomba yangu, kimoja kimoja, mpaka tukafika ku ville. Nilimushukuru. Sikujua kama nabeba mali mingi vile. Hata polisi wa rond-point, mwenye anasimamishaka kila mutu na kuuliza karatasi, mi akiniona mbali anapunga mikono mbili: «Pita! Pita! Pita tu!» Kambo, ile ni heshima. Bakubwa tu njo banapitaka vile.

6 tena, juu nilisahau. Mbu. Uliza jirani zenu kama kuko mbu alirudi mu ile avenue tangu Siku ya Mungu.

7. Hii njo ngumu kuliko zote, na naomba uisome polepole. Munatafutia Plamedie bwana wa namna gani? Mwaminifu, au si vile? Sasa angalia. Ule jirani wenu wa nyumba ya ngazi, motokari yake haina sauti, haina moshi, inateleza sawa nyoka mu majani. Bibi yake anajuaka bwana yake eko wapi sasa hivi? Hajue. Hata Mungu anamutafutaka. Lakini mi? Nikipita Kasapa, harufu inabaki pale mpaka mchana. Nikisimama ku mulango wa mutu, avenue nzima inakohoa na kujua. Plamedie atatoka inje, ataangalia juu ya manyumba, ataona wingu, atasema: «Bwana yangu ni pale.» Siwezi kujificha. Siwezi kuwa na deuxième bureau, bibi wa kando, juu ile bureau itakuwa nyeusi. Bwana mwenye moshi hana siri, Kambo. Mukitengeneza ile bomba, ni ninyi munanifungulia mulango ya kuwa mubaya. Siku Plamedie atalia, atalia juu yenu.

Kwa hiyo, na adabu yote, naomba hivi. Hukumu ifutwe. Jamaa initumie neno ya kuomba samahani, na kama inawezekana ile neno ikuye na paja ya kuku, juu siku ile sikupata. Kikwembe ya Mama Laurentine nitaifulisha mi mwenyewe, lakini si kama mwenye makosa, ni kama mukwe mwenye moyo. Na siku ya ndoa, motokari yangu itangulie mbele ya zote mu mustari ya kupeleka bibi arusi ku kanisa. Isiende nyuma. Ikienda nyuma, moshi itaenda bure. Ikitangulia, bote batapata sawasawa, na hakuna mutu atasema nilipendelea jamaa yangu. Kama padri atakataa tuingie mu lupango ya misioni, nitamukumbusha kama yee mwenyewe anafukizaka bantu kila Siku ya Mungu, na banapiga magoti.

Sasa nafunga kinywa. Salamu nyingi kwa jamaa nzima, bakubwa na badogo. Salamu kwa ule mwenye alinimwangia mayi, mukono wake uko na nguvu, akacheze mpira. Salamu kwa mujomba, na kwa kravate yake pia. Salamu kwa kuku wa mu njia, kama bado eko muzima. Salamu kwa jirani wa nyumba ya ngazi, bibi yake asizisikie. Na kwa Mama Laurentine, kupitia kinywa yako, salamu ya mutoto mwenye alikuwa anataka tu kumuheshimu.

Nabaki mujukulu wako na mushindani wako, mwenye haogopi kintu,

Merdi,
shofere, Lubumbashi–Kasapa na kurudi.

N.B. Kambo, mbele ya kukunja hii karatasi nilimupa Plamedie aisome, juu yee anasoma ku Kasapa na anajua fasi ya kuweka alama. Tulikuwa mu motokari, namurudisha kwenu. Ku namba ya kwanza alicheka mpaka akapiga mukono ku mulango. Ku ya tatu alisema: «Kambo atakupenda, weye mujinga.» Ku ya tano akaanza kukohoa. Nikasema ni kicheko. Akafungua kioo, moshi ikaingia zaidi. Akafunga, ikabaki naye. Kisha akasema, bila hasira, na ile njo ilinitisha: «Merdi, simama nishuke.»

Akashuka. Nikafikiri imeisha, anaenda. Hakuenda. Alipita upande wenye upepo inatokea, akatembea pembeni ya motokari, kitambaa ku kinywa, karatasi mu mukono, akaendelea kunisomea barua yangu mu dirisha. Mi naendesha polepole pembeni yake, mataa ya hatari inawaka ili benye kuwa nyuma basitugonge. Bantu ba avenue bakaona motokari inatembea sawa mutu, mataa inawaka, mwanamuke pembeni na kitambaa ku uso. Bakafikiri tunapeleka maiti. Muzee mumoja akatosha kofia. Mama mwenye kuuza mahindi akasimama, akauliza: «Pole, mutoto wangu. Nani alikufa?»

Plamedie akamujibu: «Bado, mama. Tuko tunangojea.»

Nilicheka, Kambo. Yee pia alicheka, na kile kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikugeuka tena kicheko. Alishika motokari yangu na mukono, pale ku mulango, sawa mutu mwenye kushika ukuta. Nikazima motere katikati ya barabara. Taksi zote zikanitukana, na sikumujibu hata mumoja. Unijue: ile haijafikaka.

Tangu asubuhi motokari iko kwa Chanda. Nilimwambia aweke filtre muzima, mwenye nyama yake yote ndani, na kama taa ile itaendelea kuwaka, aniite. Alicheka mpaka akaangusha ufunguo. Mpaka aimalize niko natembea na miguu, baabiria bangu banapita na bengine, bananipungia mikono.

Ningeandika barua ingine, lakini sina karatasi, na hii ilishaniumiza vidole. Kwa hiyo mu kikao usisome namba hata moya. Soma salamu tu, na ya Mama Laurentine uisome mara mbili.